Mwaka Tuliofundishwa Kukaza Macho

Nyumba ya bibi yangu, kijijini Kipungani, ilinuka ukindu uliochemshwa na rangi, na harufu hiyo hadi leo hunirudisha kule. Baba alikuwa amepata kazi Kanada, akatangulia, nasi tukabaki kungoja visa. Ili tusikae bure, mama alitupeleka kwa mamake, mimi na wadogo zangu wawili, akageuza ukumbi kuwa darasa. Tulifundishwa kula kwa uma, kila mtu na sahani yake, huku sinia la Bibi likituangalia kutoka ukutani. Somo gumu lilikuwa la macho. Huko tuendako, alisema mama, mtoto asiyemtazama mkubwa machoni huonekana mwongo. Samaki mkunje angali mbichi, naye alitukunja kwelikweli. Bibi alishona mikeka yake akisikiliza, akanong'ona mwacha asili ni mtumwa, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi kwa jirani.

Siku moja nilikanyaga chane za ukindu ambazo Bibi alikuwa amezianika uani, naye akanigombeza. Mtoto wa kwetu akigombezwa huinamisha kichwa, akangoja yapite. Mimi, mwanafunzi hodari, nilisimama wima, nikamkazia macho na kumwambia samahani, sikuziona. Wallahi nilidhani nitasifiwa. Bibi aliiweka sindano chini polepole.

"Mwana huyu anikodolea mato!" alimwambia mama. Kisha, akiiokota tena sindano, "Niatiya huyu mkubwa. Huko nti za watu atapotea."

Alitaka niachwe kwake, anilee. Kwetu ombi hilo si la ajabu. Watoto wengi hulelewa na bibi zao, na mzazi akiomba mjukuu, hanyimwi. Mama aliinama akaziokota chane nilizozikanyaga, moja moja. Tangu hapo nyumba ilikuwa nzito. Walipikiana, wakapishana mlangoni kwa adabu tele, na hakuna aliyelitaja jambo lenyewe. Nguo za wadogo zangu ziliingia sandukuni. Zangu zilikaa juu ya kiti, zimekunjwa vizuri, na kila asubuhi nilienda kuzitazama kabla hata ya kunawa uso. Niliogopa kuachwa. Niliogopa pia kwenda, maana nilimpenda Bibi, na hofu mbili katika tumbo la mtoto wa miaka tisa ni nyingi mno.

Visa zilipotoka, Bibi aliuliza tena, mbele yangu. Mama, mwalimu wetu wa kukaza macho, alijibu akiutazama mkeka.

"Mama, mimi naliatwa. Wangu simwati."

Ndipo nilipojua kwamba Bibi, alipomfuata mumewe Mombasa ujanani, alimwacha mama hapohapo Kipungani kwa nyanya yake. Aliporudi kumchukua, mama alimkimbia kama mgeni. Hakuna aliyekuwa amewahi kulisema. Bibi aliinuka akaenda kutia udhu, ingawa adhana ilikuwa bado, na maji yalimwagika kwa muda mrefu. Mama alizichukua nguo zangu kitini, akazitia sandukuni.

Nimelelewa na mama yangu mwenyewe, bahati ambayo yeye hakuipata, na ninashukuru. Siku hizi nina binti wa miaka sita, mzaliwa wa kule kwenye theluji. Hutazama kila mtu machoni bila kufundishwa, na sahani yake hagusi mtu. Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu, na lawama ni yangu, kwa kuwa nikitoka kazini nimechoka hujibu kwa lugha anayoniulizia. Mwaka jana nilimpeleka Kipungani. Bibi amezeeka, haoni vizuri, lakini alimpapasa uso kwa furaha, akamsemesha mengi. Mtoto alivumilia, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kiingereza tutaondoka lini.

"Anena nini?" Bibi aliniuliza.

"Asema hataki kuondoka, Bibi."