Sahani ya Peke Yako

Enzi zetu pale Kisauni hakuna mtoto aliyekuwa na sahani yake. Sahani ya nini, na sinia lipo? Jua likianza kushuka, tukiwa bado tunanuka jasho na vumbi la mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, Nyanya alitokeza mlangoni akaita mara moja tu: "Ndooni mle!" Alikuwa mtu wa Mvita, na mwito wake haukuwa na wa pili. Aliyechelewa aliwakuta wenzake wameshapiga bismillahi. Basi tulikimbia hivyo hivyo, kamba ya kurukia inaburutwa, kiatu kimoja kimesahauliwa kwa jirani.

Sinia lenyewe lilikuwa kubwa, limebonyea upande mmoja, na lilijaa wali wa nazi unaofuka moshi. Pembeni mchicha, katikati mchuzi wa nguru uliopikwa na bilingani, na kwenye kisahani kidogo embe bichi lililokatwakatwa likatiwa chumvi na pilipili. Wallahi hadi leo nikisikia harufu ya nazi inayochemka mate hunijaa mdomoni. Tulikaa mkekani tukalizunguka sinia, mimi, mdogo wangu Athumani, na binamu zetu, magoti yanagusana, kila mmoja akimsukuma mwenziwe kidogo kwa kiwiko ili apate nafasi.

Nanyi mliokula siniani mwajua kwamba kuna sheria. Kwanza birika na beseni, mikono ioshwe. Kisha kila mtu apewe kikombe cha maji anywe chote kabla hajagusa kitu, kwa sababu Nyanya alisema mtoto anayetoka kucheza huwa na kiu akadhani ni njaa. Halafu kula mbele yako. Ukivuka kwenda mbele ya mwenzio, mkono wako ulipigwa kofi dogo ambalo haliumizi ila linaaibisha. Tonge liwe dogo. "Mwataka kula au mwataka kujenga nyumba?" Nyanya angeuliza, akimwangalia aliyefinyanga tonge kama tofali. Na huchukui la pili mpaka la kwanza limeteremka. Kitoweo ndicho kilichotutia adabu zaidi, maana samaki alikaa pale katikati, anatutazama, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Nyanya alimgawa mwenyewe kwa mkono wake, mwisho kabisa. Kwa hivyo tulikula polepole, tunabakisha nafasi tumboni, tunamngoja nguru.

Tukimaliza, mmoja wetu alitumwa dukani kununua kiberiti. Kila siku, kiberiti! Asiyeweza kwenda dukani kwa mwendo wa haraka alijulikana kwamba amekula kupita kiasi, na kesho yake alichekwa. Nyumba yetu ilikuwa na viberiti vya kuwashia mtaa mzima.

Sasa huyu mdogo wangu Athumani. Kha! Mtoto yule alikuwa mlafi, na nasema kwa mapenzi yote. Alikula mbele yake, akala mbele yangu, akipata nafasi angekula na mkeka. Siku moja ya Ijumaa, Nyanya amegeuka kidogo kuitikia salamu ya mgeni, Athumani akatia mkono katikati ya sinia akachomoa kipande kizima cha nguru, chetu sote, akakitia mdomoni na miba yake. Tulipiga mayowe. Binamu yetu mdogo alilia mpaka akapata kwikwi.

Tulingoja Nyanya achukue mwiko. Hakuchukua. Aliinuka taratibu, akaenda kabatini, akatoa sahani ya maua, ile ya wageni, ambayo sisi tulikatazwa hata kuishika. Akaijaza wali mpaka ukawa kilima, akamwaga mchuzi, akaweka na kichwa cha samaki kilichokuwa kimebaki sufuriani. Akatandika kijamvi kando ya mlango wa jikoni.

"Athumani."

"Naam, Nyanya."

"Hii yako peke yako. Kaa hapa ule. Hapana wa kukusumbua."

Ala! Huyo Athumani alivyotutazama! Alikaa pale kama bwana harusi, na sisi tukaona wivu wa kweli, tukajiuliza kama na sisi tuibe samaki ili tupewe sahani ya maua. Alikula kwa pupa, akamaliza hata hakujua amemaliza, akaomba nyongeza. Nyanya akampa. Siku iliyofuata ikawa vile vile, na iliyofuata vile vile. Sisi kwenye sinia tulikuwa tunacheka, tunatambiana ni nani aliyeruka kamba zaidi, tunasimuliana nani amechapwa na mwalimu. Yeye kule mlangoni alikuwa anakunja shingo atusikie. Nilimwona akianza kucheka kwa kicheko chetu bila kujua tumecheka nini, na hapo wivu wangu ukaisha, nikamwonea huruma.

Baadaye akawa anabakisha chakula. Athumani kubakisha! Halafu jioni moja akaja na sahani yake ya maua mikononi, imejaa haijaguswa, akasimama kando ya mkeka huku machozi yanamlengalenga.

"Nyanya, naomba nirudi siniani. Nitakula kidogo."

Nyanya akamtazama. "Mimi sikukwambia ule kidogo, mwanangu. Nilikwambia ule na wenzio." Kisha akatugeukia. "Sogeeni, mwenzenu amerudi."

Tukasogea. Akamimina wali wake siniani, akakaa kati yangu na binamu yetu mdogo, na tangu jioni ile hakuvuka mpaka wa mtu. Dukani alikuwa wa kwanza kukimbia.

Yote haya yalinirudia mwaka huu, na si kwa uzuri. Athumani sasa ni mtu mzima, msimamizi wa ghala huko Changamwe, anaishi Bamburi. Mkewe mwalimu amehamishiwa Taveta na watoto wamo shule za bweni, kwa hivyo jioni huwa peke yake na televisheni. Ananunua chipsi na kuku kwenye mfuko, na soda ya chupa kubwa, anakula mpaka mpira uishe. Tumbo limeshamtangulia hatua nzima. Daktari akamwambia sukari inapanda, na asipopunguza kula ataanza sindano. Aliponipa habari hiyo nilikaa kitini pu! Baba yetu aliondoka na sukari. Mguu wake ulikatwa mwanzo, na mimi na Athumani ndio tuliomuuguza. Sikutaka kumuuguza mtu mwingine namna ile, tena mdogo wangu wa tumbo moja.

Si kwamba hakujaribu, maskini. Alifuata mafunzo ya kwenye simu. Simu ilimwambia atumie sahani ndogo. Akaijaza mara tatu. Ilimwambia anywe maji kabla ya kula. Akanywa, kisha akafungua soda. Ilimwambia aweke uma chini baada ya kila tonge. "Dada," akanilalamikia, "mimi nala kwa mkono. Mkono niuweke wapi?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu, lakini mimi nilikuwa nacheka na hofu yangu moyoni. Yale maji, lile tonge dogo, yote Nyanya alitufunza bure, na wala hakuhitaji chaji.

Jumapili iliyofuata nilimwalika kwangu Mtopanga. Nikateremsha sinia kutoka juu ya kabati, nikalifuta vumbi, nikapika wali wa nazi na nguru. Wanangu, Zuhura na Faridi, wakatoka vyumbani na visikizio vyao masikioni. "Mama, kwani kuna arusi?" Zuhura alitaka kulipiga picha kwanza. Nilipowaeleza sheria, Faridi akauliza mpaka wake uko wapi, nikamwonyesha, akauliza tena kama anaweza kula chumbani. Watoto wa siku hizi mashallah wana akili sana, ila ukiwakalisha mkekani hawajui miguu waiweke wapi.

Tulipokuwa tunanawa, Athumani, kwa mazoea, alishapita jikoni, amejipakulia sahani, amekaa kwenye kochi mbele ya televisheni. Nilipiga bismillahi nikaanza kula na wanangu. Zuhura akasimulia jambo la kuchekesha la chuoni, Faridi akacheka, na kwa pembe ya jicho nikamwona Athumani, mtu mzima, anakunja shingo atusikie. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya sahani.

Akainuka. Akaja na sahani yake mpaka kando ya mkeka, akasimama. Alitaka kufanya mzaha, nilimwona, lakini sauti ikamkatikia.

"Dada, naomba nirudi."

"Sogeeni," nikawaambia wanangu, "mjomba wenu amerudi." Wakasogea, bila kuelewa kitu, na Athumani akamimina wali wake siniani, akakaa magoti yakagusana na yangu. Nguru nilimgawa mimi, mwisho kabisa.

Zamani sahani ya peke yako ilikuwa adhabu, tena adhabu iliyomliza mtoto. Leo kila mtu nyumbani kwake amejipa mwenyewe, na anaiona ni raha: huyu kochini, huyu chumbani, huyu barabarani na mfuko mkononi. Tunashangaa kwa nini hatushibi. Mimi Nyanya nikimkumbuka natamani angetokeza mlangoni aite mara moja tu, sote tukimbie.

Athumani sasa akitoka kazini hupitia kwangu kila jioni. Daktari alimpima tena majuzi, akasema sindano ingoje kwanza. Na tukishamaliza kula humtuma dukani akaninunulie kiberiti, naye huenda kwa miguu, haraka haraka, bila kuuliza. Kabati langu la jikoni limejaa viberiti, na jiko langu ni la gesi, linajiwasha lenyewe.