Ng'ombe Wangu na Uduvi wa Chini ya Bahari

Bahari sijawahi kuiona, na kwa macho haya nadhani tumeshakosana. Niko na presha ya macho. Mtu akisimama mlangoni naona kivuli tu, nangoja azungumze ndipo nijue kama ni wa kusalimiwa au wa kufukuzwa. Lakini ng'ombe nimemkama mwenyewe hapa Endarasha miaka yote, maana chuchu haitafutwi kwa macho.

Basi ng'ombe akaanza mateke. Ndoo ikaenda huku, mimi kule. Mwanangu, ambaye ndiye mwenye sauti hapa nyumbani siku hizi, akasema imetosha.

"Mzee, huoni. Huyu atakuvunja kiuno. Jumamosi kuna mnunuzi anatoka Doldol."

Nikaitafuta ndoo kwa mikono. Ng'ombe akienda, mimi nitakuwa naamkia nini? Redio? Redio yenyewe ni matangazo ya mbolea tu.

Binti ya mwanangu huyo, mjukuu wangu aniitaye Guka, anasomea wanyama wa baharini. Huku kwetu kwenye baridi na viazi, mtu anasomea bahari! Alikuwa nyumbani likizo. Jumamosi yenyewe mchana, tukimenya hivyo viazi, akanipa habari za uduvi, vinyama vya maji vyenye masharubu marefu. Nadhani alitaka kunichangamsha. Ati chini kabisa ya bahari, jua lisikofika, kuna matundu yanatoa maji ya moto kushinda sufuria inayochemka. Uduvi wa huko hawana macho kama yetu. Wako na kitu mgongoni kinachohisi mwanga.

"Mwanga gani, na umesema ni giza?"

"Yale maji ya moto yanang'aa kidogo sana, Guka. Sisi hatungeona. Wataalamu wanafikiri ndivyo uduvi wanajua jiko liko wapi, wakae karibu wale, lakini wasiive."

"Wajanja."

"Na kuna kaa. Wakiwa wadogo wana macho mazuri, wakikua huko chini yanaharibika."

"Huyo kaa ni wa ukoo wetu."

Akacheka. "Lakini wananusa. Maji hayo yana harufu kama ya yai bovu, wanaifuata mpaka..." Kisu chake kikatulia. "Guka, ng'ombe alianza mateke lini?"

"Tangu uje."

"Au tangu niliposafisha koti lako?"

Koti la kukamia huku kwetu halifuliwi. Marehemu mke wangu alilijua hilo, akawa analilalamikia kutoka mbali tu. Mjukuu kwa wema wake alilifua kwa sabuni ya maua, nikanukia kama bibi harusi. Ng'ombe akaona ameletewa mgeni.

Tukaenda zizini mbio, mbio zangu lakini. Tukalisugua koti kwenye majani aliyolalia ng'ombe, na mkojo wake ndani. Mjukuu ameziba pua, anacheka. Nikalivaa. Mnunuzi alikuwa ameshafika, nilimsikia akiongea na mwanangu hapo nje ya uzio.

"Mzee, tafadhali," mwanangu akaita. "Usijaribu."

Ng'ombe akaninusa bega polepole. Akapumua kwa nguvu, akarudia kutafuna. Nikakaa, nikashika. Maziwa yakashuka yakilia ndani ya ndoo mpaka sauti ikabadilika, ikawa ya povu.

"Sasa huyu hauzwi, ama?" mnunuzi akauliza.

"Muulize mwenyewe," mwanangu akajibu.

"Karibu chai," nikamwambia bila kugeuka. "Ningoje tu, namaliza."