Fahali, Daktari wa Paka

Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa daktari wa ng'ombe, na wafugaji hawakumwita kwa jina alilopewa na wazazi. Walimwita Fahali. Mwanzoni ilikuwa kwa sababu ya shingo yake nene na mabega yaliyomlazimu kuingia milango mingine kwa ubavu. Baadaye fahali wa kweli akambana goti kwenye nguzo ya zizi alipokuwa akimtoa damu ya kupima, na tangu siku hiyo jina likamganda kwa utani ambao yeye mwenyewe hakuupenda sana. Mguu ulipona, ila haukuwa tena mguu wa kurukia uzio wala wa kukimbizana na ndama.

Mdogo wake wa kike, naye daktari wa mifugo, alikuwa na kliniki ya vyumba vinne mjini. Wateja wake wengi walikuwa paka, na mbwa mmoja mmoja. Alimwambia kaka yake aje amshike mkono mpaka goti litulie.

Goti lilitulia. Mwenyewe ndiye hakutulia.

Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akimaliza kumchanja paka mmoja, alitoka mapokezi akaenda chumba cha vizimba, akarudi, akasimama dirishani, akaketi, akainuka kabla kiti hakijapata joto lake. Vyumba vilimbana. Mezani paka alijaa kiganja kimoja, sindano ilikuwa nyembamba kama unywele, dozi zilipimwa kwa matone. Mtu aliyezoea kumtia ng'ombe dawa kwa chupa nzima sasa aliambiwa apunguze robo ya tone. Mikono yake iliweza, tena vizuri. Paka wakali walitulia kwake kuliko kwa mdogo wake. Lakini roho yake ilikuwa mazizini. Kila mwisho wa juma aliandika barua ya kuomba kazi kwenye shamba fulani la mifugo, na mdogo wake aliziona barua hizo juu ya meza.

Asubuhi moja, mnamo saa tatu, simu ya mapokezi ililia. Ilikuwa simu ya zamani, ya waya, isiyotunza namba ya aliyepiga. Fahali aliipokea akiwa amesimama, akaanza kutembea nayo mpaka waya ukavutika, akarudi, akavutika nao tena upande wa pili. Mwanamke alikuwa akizungumza, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio wa kukatika-katika, kama mvua ya mawe kwenye bati, unaoanza na kukoma. Alisema ana dawa ya kupe ya mbwa wake, ile ya kudondoshea mgongoni, na imebaki nusu kichupa.

"Sasa viroboto wamezidi," alisema. "Naweza kumpaka paka?"

Wakati huohuo lori lililobeba ng'ombe lilikuwa likipita barabarani, polepole, na Fahali alikuwa akiangalia nje. Kulikuwa na dume jekundu lililosimama vibaya, mguu wa nyuma haukanyagi. Kwato, alijisemea. Wamlaze, wamkate kwato leo hii.

"Paka, mama, paka tu," alijibu. "Katikati ya mabega, pale asipofikia kwa ulimi."

Mwanamke alishukuru akakata simu. Lori likapita. Fahali akaendelea na kazi: paka mzee mgonjwa wa figo, paka wa jirani aliyefunguka mshono, na mwingine aliyeletwa kukatwa kucha akaishia kuwakwaruza watu watatu.

Ilikuwa karibu saa tano, akiwa anaosha mikono, ndipo maneno yale yalipomrudia. Hakujua yametoka wapi. Povu lilikuwa bado viganjani. Kumpaka paka. Yeye alikuwa amesikia mtu anayeuliza mara mbili, kama watu wanavyofanya wakiwa na wasiwasi: naweza kumpaka, nipake? Lakini mwanamke yule hakuuliza mara mbili. Alikuwa ametaja mnyama.

Alimfuata mdogo wake chumba cha kutibia akamwambia yote, huku maji yakimchuruzika kwenye viwiko.

Mdogo wake aliweka chini kipimajoto. Hakukuwa na haja ya kumweleza kaka yake dawa ile hufanya nini, maana wote wawili walijua. Mbwa huivumilia, ini lake huivunja na kuitoa. Ini la paka halina uwezo huo. Saa chache tu na misuli huanza kurukaruka, masikio, uso, kisha miguu, kisha mwili mzima, na joto hupanda mpaka kumuua. Alichouliza ni kama mwanamke aliacha jina. Hakuacha. Namba je? Hakuna. Basi hawana la kufanya ila kungoja, alisema, kwa sababu akimwona paka anatetemeka atapiga tena.

"Hatapiga," Fahali alisema. "Atadhani ni baridi. Atamfunika kitambaa aendelee na kazi yake."

Alipolitaja neno kazi ndipo alipokumbuka ule mlio. Haikuwa simu mbovu. Zilikuwa cherehani, zaidi ya moja.

"Kaka, mafundi cherehani mji huu wamejaa kila kona."

"Basi nitaanza na kona ya kwanza," alisema, akachukua mkoba wake, akatoka na koti la kazini.

Alichapa lapa. Mtaa wa mafundi ulikuwa mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye magoti mawili mazima; yeye alifika akiwa anachechemea. Kila mlango aliingia kwa ubavu, akauliza kama hapo kuna paka na kama leo kuna mtu aliyepiga simu kliniki. Mlango wa kwanza walidhani anauza paka. Wa tatu walimwambia paka hawana, ila panya wanao wa kumtosha, akitaka wamfungie. Kwingine fundi alimtazama mtu yule mkubwa mwenye koti jeupe, anayehema, akamuuliza kwa upole kama ana ndugu wa kumpeleka nyumbani. Fahali hakuwa na muda wa kucheka wala wa kukasirika. Alitoka, akavuka barabara, akarudi kwa sababu aliruka mlango mmoja, akavuka tena. Kichwani alikuwa akihesabu saa: saa tatu, saa nne, saa tano. Sasa imeingia sita.

Mlango wa kumi na mbili ulikuwa wa chumba kirefu chenye cherehani tatu na meza ya kukatia nguo. Mwenye mahali alikuwa mwanamke wa makamo, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Mbwa wake mzee alikuwa amelala mlangoni. Fahali hakuuliza kitu. Alikuwa ameshaona kikasha chini ya meza, kimejazwa vipande vya nguo, na ndani yake paka wa kijivu ambaye masikio yake yalikuwa yakirukaruka kama yameguswa na umeme.

"Anasikia baridi tangu muda kidogo," fundi alisema baada ya kutoa pini. "Nimemfunika."

Fahali alijitambulisha kwa kifupi, kwamba ametoka kliniki, na ile dawa ni sumu kwa paka, na lazima itolewe sasa hivi. Aliomba maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo. Fundi hakubisha. Alichemsha maji kwenye birika, akayapoza kwa maji ya mtungi, akapiga magoti kando yake. Mle kikashani walikuwamo pia watoto watatu wa mwezi mmoja, wamejikunyata tumboni kwa mama yao, na dawa ilikuwa imewashika manyoya. Mdogo kuliko wote alikuwa amekakamaa, shingo imepinda nyuma.

Waliwaosha mmoja baada ya mwingine kwenye beseni, wakasuuza, wakaosha tena. Maji yasiwe moto, Fahali alieleza, maana moto huivuta dawa ndani; yasiwe baridi, maana baridi huzidisha kutetemeka. Walipokosa taulo, fundi alivuta jora la kitambaa laini lililokuwa mezani, nguo ya mteja ambayo haijakatwa bado, akawafunga nalo bila kulitazama.

"Mimi si mtu wa kufanya mambo kwa kubahatisha," alikuwa akisema huku anakausha. "Nilipiga simu kwenu. Nikauliza vizuri. Nikaambiwa paka tu."

Fahali alikuwa na mtoto wa paka kiganjani, anamsuuza kidole kwa kidole, na akajiambia kwamba jambo hilo si la saa hii.

Waliwakimbiza kliniki, ambako mdogo wake alikuwa ameshaandaa kila kitu. Mama paka alichomwa dawa ya kulegeza misuli, akawekewa dripu. Watoto walilazwa kwenye kizimba chenye chupa za maji ya vuguvugu zilizofungwa vitambaa. Fundi alikataa kurudi kazini. Aliketi kwenye benchi la mapokezi, mikono mapajani. Na Fahali, ambaye siku zote hakuweza kukaa, siku hiyo alizidi. Alikwenda kizimbani akapima joto, akatoka, akampita fundi pale bencheni bila kumtazama, akafika dirishani, akarudi. Alipompita mara ya sita au ya saba mdogo wake alimvuta kando.

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

Fahali alirudi kizimbani. Alikuwa na maneno ya kujitetea, tena mazuri: mlio wa cherehani, simu ya kizamani, lugha yenyewe inayotumia neno lilelile kwa mnyama na kwa kitendo. Nani angemlaumu? Aliyapanga, akayapangua, akayapanga upya.

Alasiri, mtoto yule mdogo alikakamaa mara ya mwisho, kisha akalegea. Fahali alimkandamiza kifua kwa vidole viwili kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mdogo wake ndiye aliyemgusa begani.

Fundi alipoambiwa aliomba amwone. Alimtazama, akamfunika mwenyewe na pindo la kitambaa, kisha akainua viganja vyake akaviangalia.

"Mikono hii," alisema. "Imeshona nguo za watu miaka yote bila kumchoma mtu sindano. Leo imemuua huyu."

Hapo Fahali akapiga moyo konde.

"Si mikono yako, mama. Aliyepokea simu ni mimi. Ulisema paka, nikasikia kupaka. Nilidhani unamzungumzia mbwa."

Fundi hakupaza sauti. Alimtazama kama anayepima kitambaa kwa macho.

"Ulikuwa unasikiliza nini?"

Maneno yote mazuri yalikuwa tayari mdomoni. Fahali aliyaacha hapo hapo.

"Lori lilikuwa linapita limebeba ng'ombe," alisema. "Nilikuwa nawaangalia. Sikuwa nakusikiliza."

Fundi alichukua mkoba wake akaondoka. Mdogo wa Fahali alimwangalia kaka yake akitegemea labda ataanza tena kutembea, lakini alibaki amesimama palepale alipokuwa, mpaka dripu ya mama paka ilipohitaji kubadilishwa.

Siku tatu zilizofuata alilala kwenye godoro kando ya vizimba. Usingizi ulimpitia kwa vipande. Mama paka alitetemeka siku nzima ya pili, kidogo kidogo, kama redio iliyopunguzwa sauti. Siku ya tatu alijilamba mguu, akala, akamfokea Fahali alipotaka kumtoa sindano. Watoto wawili walirudi kunyonya. Wakati huo barua ya jibu ilifika kutoka shamba moja: wanamhitaji, aende wakutane. Mdogo wake aliisoma kwanza, kwa sababu ilikuwa wazi, akamwekea mbele ya chai.

"Ukitaka kwenda, nenda," alisema. "Mimi sikufungi. Ila usiende kwa sababu ya haya yaliyotokea. Huko nako kuna simu."

Alikwenda. Alitoka asubuhi, akafika, akatembezwa mazizini, akanusa harufu aliyoikosa mwaka mzima. Wakamwomba awaonyeshe anavyomshughulikia ndama mkaidi. Alipanda ubao wa kwanza wa uzio, na wa pili, na goti likagoma. Ikabidi watu wawili wamshushe, kwa heshima zote, na hiyo heshima ndiyo iliyomuuma zaidi. Jioni alikuwa amerudi. Mdogo wake alimsogezea sahani ya chakula.

Fundi alikuja kuwachukua paka wake, akamshukuru mdogo wa Fahali, akaondoka. Wiki tatu baadaye alirudi na kikapu, siku ya kuwachanja watoto, akasema anamtaka daktari mwanamke. Daktari mwanamke alikuwa katikati ya upasuaji. Fundi alingoja. Alitazama saa ya ukutani, akatazama mlango wa chumba cha upasuaji, akatazama kikapu kilichoanza kulia. Kazi za watu zilikuwa zikimngoja dukani. Mwishowe akainuka.

"Haya," alimwambia Fahali. "Wachanje wewe."

Aliwapima uzito, akawaangalia macho, masikio, meno, akawachoma mmoja mmoja bila hata mmoja kustuka. Wa pili alimpanda mkono mpaka begani akakaa huko, na Fahali akaendelea kuandika kadi akiwa naye. Alimweleza fundi kuhusu sindano ya pili, na kwamba leo wanaweza kuchoka kidogo, na dawa ya viroboto aliyompa ni ya paka, ya watoto wa paka, ya umri huu. Kisha akaeleza tena tangu mwanzo. Alipoanza mara ya tatu fundi alimshusha yule mtoto kutoka begani kwake.

"Nimesikia, Daktari," alisema. "Siyo kila mtu anaangalia lori."

Alifunga kikapu akatoka. Fahali alibaki ameshika kichupa kitupu cha chanjo mkononi, hajui kama ametukanwa au amesamehewa. Akaenda dirishani, akarudi, akafuta meza ambayo ilikuwa safi, akamwita mteja aliyefuata.