Koti Moja Chini ya Kitanda

Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisifu, namuuliza anataka nini. Muuza nyanya akiniongezea moja ya bure, naigeuzageuza nitafute palipooza. Kwa hiyo siku mume wangu Mmarekani aliponiambia, tukinywa chai ya jioni kwenye nyumba yetu ya kupanga kule Al Wukair, nje kidogo ya Doha, kwamba angependa nimdhamini apate ukaazi wa kudumu Kanada, nilimtazama kama ile nyanya.

"Kwa nini tusiende kwenu?" nikamuuliza mwishowe.

"Kwetu hakuna anayeningoja," alisema. "Wewe una kwenu."

Nilizaliwa Mumias, magharibi mwa Kenya, nikaenda Kanada kufanya kazi ya uuguzi, nikapata uraia, kisha nikaja Doha kwenye kliniki inayolipa vizuri. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Tulikutana hapa hapa, tukafungia ndoa nyumbani kwa mama, tukarudi kazini. Mikataba yetu ilikuwa inaisha pamoja, mwisho wa mwaka wa shule, na Doha kibali cha kuishi huondoka na kazi. Bila makaratasi mapya tungeagana uwanja wa ndege, yeye na lango lake, mimi na langu, ndoa ibaki ya kwenye simu. Hilo sikulitaka hata kidogo. Nilimpenda yule mwanamume na nampenda hadi leo. Ila kwangu mimi mapenzi na shaka hulala chumba kimoja bila kugombana.

Rafiki yangu mkubwa hapa ni mwanamke wa kwetu anayefanya kazi ya ulinzi hotelini. Anaishi mtaa wa Muaither na wenzake, na kutwa nzima yuko mlangoni akikagua mifuko ya wageni. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakohoa.

"Ngoja kwanza, dada. Mmarekani ndiye anaomba makaratasi? Kwa mtu wa Mumias?"

"Ndiyo hivyo."

"Hiyo stori imegeuzwa juu chini. Ni sisi huwa tunatafuta kwao. Huyo kuna kitu anakimbia. Ama ako na bibi mwingine huko."

"Hana bibi mwingine."

"Umejuaje? Umeangalia begi zake?"

Nilimkemea, lakini neno lake lilishaniingia. Kila mmoja wetu Doha anajua maana ya kudhaminiwa: uko hapa kwa jina la mtu, na siku akiliondoa jina lake, unafunga virago. Sasa mdhamini nilikuwa mimi. Nilianza kumchunguza mume wangu vile tajiri anavyomchunguza mfanyakazi mgeni.

Kanada inataka anayeombewa alete cheti cha polisi kutoka kila nchi aliyoishi kwa muda. Cheti cha kwao nilikingoja kwa hamu kuliko mwenyewe. Nilishajitayarisha kwa lolote: wizi, ngumi, jina la zamani. Kilipofika kilikuwa cheupe kama shuka la wodini, hakuna hata doa. Nilipaswa kushukuru Mungu. Badala yake nilihisi nimepunjwa.

"Mambo ya nyumbani polisi hawaandiki," rafiki yangu alinifariji.

Zikaja picha. Ofisi ya uhamiaji inataka kuona kwamba ndoa ni ya kweli, na mume wangu akageuka mpiga picha. Alinipiga nikikaanga samaki, nikifua, nikisinzia kwenye kochi na sare za kazini. Zamani, akinitazama nikila, nilijua ananipenda. Sasa nilijiuliza kama ananitazama mimi au anaitazama faili. Iliyomhangaisha zaidi ni picha ya mama. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai pamoja, hawashikani mikono, hawali meza moja. Ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo kwenye picha zote za harusi mama hayupo, isipokuwa moja, ambapo unaonekana mkono wake tu ukitoka dirisha la jikoni kumpa mtoto wa dada yangu kikombe cha chai amfikishie bwana harusi. Mume wangu aliichagua hiyo, akaandika chini yake: mama mkwe wangu. Nilimwambia aitoe, afisa ataona tunamchezea. Alikataa katakata. "Ndiye huyo," alisema. "Huo ndio mkono wake." Nikashuku hata ukaidi huo. Kwa nini anajali hivi?

Halafu nikalikuta koti. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, yeye ametoka kununua mkate, mimi nafagia uvunguni. Ufagio uligonga mfuko wa duka. Ndani yake mlikuwa na koti zito jeusi, la watu wa theluji, lenye manyoya kwenye kofia. Nje jua lilikuwa limepasha vitasa vya milango hadi havishikiki, na mimi nimepiga magoti sakafuni na koti la baridi mapajani. Nilipekua mfuko wote. Lilikuwa moja, la kiume. Nikalirudisha lilivyokuwa, nikapiga simu Muaither.

"Moja tu?" rafiki yangu aliuliza.

"Moja."

"La mwanaume?"

"La mwanaume."

"Basi anaenda peke yake, dada. Akishapata makaratasi, wewe utabaki hapa ukipiga pasi sare."

Niliumia kweli. Nilipika, nilikula naye, nilimcheka alipojaribu Kiswahili chake cha kuungaunga, na kila usiku nililala nikijua lile koti liko chini yangu. Sikumuuliza. Nilitaka ajikamatishe mwenyewe.

Wiki iliyofuata alitandaza makaratasi mezani. Kilikuwa kimebaki kipengele kimoja. Raia anayeishi nje akimdhamini mwenzi wake, lazima aonyeshe kwamba watarudi wote kuishi Kanada.

"Hiki ni chako," alisema. "Lakini usijali, nimeshafikiria. Yule rafiki yako wa Winnipeg, kule Kanada, atuandikie barua kwamba anakutunzia vitu vyako. Kitanda, sufuria, koti lako. Uliniambia siku ile ya kwanza." Kisha akainama uvunguni, akautoa ule mfuko huku akicheka kwa haya. "Mimi nimenunua langu. Walipunguza bei. Lako nilijua lipo."

Nilicheka pia, kwa nguvu kupita kiasi. Miezi ya shaka ilinitoka kama pumzi, na nyuma yake likaja joto baya la shingoni, kwa sababu alikuwa ameshashika simu kumpigia huyo rafiki.

Hapa lazima nieleze. Doha pasipoti ndiyo sura yako. Ukijitambulisha Mkenya, karani wa mapokezi anakuonyesha kwa kidole pa kusubiri. Ukitoa ya Kanada, anakuletea maji. Nilizoea mapema kusema "kwetu Kanada" kwa mwenye nyumba, kwa mkubwa wa kliniki, na kwa mwalimu mmoja wa hesabu niliyekutana naye kwenye karamu. Mtu mwenye kwao ana vitu vinavyomngoja. Nikamtajia vitu.

Rafiki wa Winnipeg, Mfilipino tuliyepanga naye nyumba moja, alitokea kwenye skrini akiwa na furaha tele. Mume wangu alimweleza kuhusu barua.

"Vitu gani?" alisema. "Si aliniambia nigawe vyote? Koti alilitoa mwenyewe, pale uwanja wa ndege, akampa mama mmoja aliyekuwa anapiga deki. Tulicheka! Aliapa hataiona theluji tena maisha yake yote."

Mume wangu alimshukuru kwa adabu, akakata simu. Akaiweka mezani, uso wa simu chini.

"Hukuwa unarudi," alisema.

Nilimwambia ukweli, kwa kuwa sikuwa na kingine. Nilikuwa nimelivaa lile koti kituo cha basi, natoka kazini, nilipopigiwa simu kwamba baba amefariki. Nililia, na machozi yakaganda kwenye kope, nikawa sioni basi linalokuja. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kila mtu pale alikuwa ndani ya koti lake. Tangu siku hiyo sikuichukia Kanada. Nililichukia lile koti, na sijui kama kuna tofauti.

"Ungeniambia."

"Ulitaka Kanada."

"Mimi?" Alisimama. Sijawahi kumwona amekasirika vile, sauti chini kabisa. "Nilikuwa nakufuata wewe. Ungesema Kenya, ningekwenda nikanywe chai ya dirishani mpaka uzeeni. Sasa hata sijui nilikuwa nakufuata wapi." Akaokota koti lake, akalikunja vizuri, akalirudisha uvunguni.

Kwa siku kadhaa tuliishi kama wapangaji. Alinipikia, nilimfulia, hatukuzungumza juu ya faili. Sasa ni yeye aliyenichunguza. Nikishika simu, alitazama. Nikisema nimechoka, alitafuta maana nyingine. Nilitambua kila mtazamo, kwa sababu yote ilikuwa yangu kabla ya kuwa yake. Niliogopa. Niliona wazi kwamba naweza kuishi bila Kanada, na bila Doha, na hata kwenye baridi nimewahi kuishi. Bila yeye, sikuona kama naweza.

Ijumaa nikamwambia anipeleke kwenye lile duka alikonunua koti. Tulipofika mlangoni aliketi kwenye benchi la nje, akanipa mgongo.

"Ingia mwenyewe," alisema. "Usije ukasema nilikuchagulia."

Nililijaribu moja la bluu mbele ya kioo. Lilikuwa na uzito ule ule ninaoukumbuka mabegani, na kwa kitambo nilisikia ile simu ya kituoni tena, nikataka kulivua na kukimbia. Nililifunga zipu hadi kidevuni. Jasho lilinitiririka mgongoni, na muuzaji akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia alifungashe, na risiti nitaihitaji kwa mambo ya serikali.

Nilitoka na mfuko. Mume wangu aliutazama, akanitazama, akaunyooshea mkono. Hakutabasamu. Aliufungua pale pale kwenye benchi, watu wakipita, akapapasa mkono wa koti, akatafuta kibandiko shingoni, akasoma saizi aone kama kweli ni yangu. Ni hapo tu aliponishika mkono. Sikumlaumu. Hata mimi ningeangalia kwanza.