Mita ya Mwanaharusi

Mwanaharusi wa Mbegani alikuwa mfupi wa kimo na mwepesi wa hasira. Ukimwagiza mkeka, hakukuuliza wa mikono mingapi kama wasusi wenzake. Alikuja chumbani kwako na fimbo ya mbao ya marehemu mumewe Mikidadi, aliyekuwa mwashi wa Wajerumani, akapima mwenyewe. Mita! Mwingereza keshaleta wari zake, watu wa pwani bado wanapimia mikono, na yeye kang'ang'ania mita. Wakimcheka, anawauliza, "Mkono wa nani? Wangu, au wa lile jitu kaka yangu?" Mikeka yake ilienea chumba ukuta kwa ukuta.

Jitu lenyewe ni Kibwana. Baba yao alipokufa aliwaachia shamba la minazi, mafungu mawili ya Kibwana na moja la Mwanaharusi, kama sheria ya dini inavyosema. Aliusia hivi: Kibwana pima ishirini, bintiye kumi. Pima ni mikono miwili iliyotandazwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Basi kwa desturi kila mtu akapima lake kwa mikono yake, huyu kutoka mpaka huu, yule kutoka mpaka ule, wakakutana bila kubaki hata pa kupita kuku. Watu wakasema alhamdulillahi. Lo! Pima ya jitu na ya mbilikimo zimehesabiwa sawa, na hakuna aliyeshtuka!

Mwanaharusi alishtuka alipomwona Kibwana akiupaka chokaa mnazi wa Ausi, ambao kwa mgawo ule ulikuwa upande wake, apate kuukata ajenge banda la mbata. Ausi alikuwa mwanawe wa pekee. Ndui ilimchukua mdogo, akazikwa mbali, Mkange kwa kina baba yake. Lakini kitovu chake kilizikwa chini ya mnazi ule, na hapo ndipo mama alipokuja kumlilia.

Akachukua fimbo, akapima shamba zima peke yake. Mita hamsini na nne. Fungu lake kumi na nane, na mnazi umesimama kwenye ya kumi na sita. Wake! Akapiga vigelegele peke yake shambani.

Akamwita Mwalimu Alawi wa msikitini awe shahidi. Kibwana akaja na panga mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Haya, pima na kijiti chako. Atakaloamua Mwalimu, sina neno."

Mwanaharusi akaanza kutoka mpakani kwake, Mwalimu akihesabu kwa sauti. Walipofika ya kumi na moja, Kibwana akautazama mnazi, akaona kipimo kinakoelekea.

"Mwanamke, unahangaikia nini? Mwenye kitovu keshaliwa na mafunza huko Mkange."

Mwanaharusi akainua fimbo kwa mikono miwili, akampiga nayo ya mdomo. Meno yakaruka. Akampiga ya pili begani, mfupa ukalia, fimbo ikapasuka vipande. Kibwana akamtwanga usoni kwa mpini wa panga, jicho la kushoto likapasuka. Bado Mwanaharusi akamrukia, akamng'ata sikio, akalitema majanini. Mwalimu Alawi alipowatenganisha, kanzu yake ilikuwa imelowa damu.

Kibwana akatema jino, akacheka.

"Mwalimu, kipimo kiko wapi?"

Mwalimu akaokota vipande, akaviunganisha. Havikukutana, vibanzi vingine vilipotelea majanini na damu.

"Siwezi kuhukumu kwa hivi, na mita nyingine hapa hatuna," akamwambia Mwanaharusi. "Na aliyekivunja ni wewe, mwanangu. Mgawo ubaki ule wa mikono."

Ijumaa, baada ya sala, Kibwana, bega limefungwa, aliwasimamia wakataji. Mwanaharusi alikuwa kitandani, jicho moja limefungwa kitambaa. Alisikia kila shoka. Mnazi ulipoanguka, alilia mpaka sauti ikakauka.

Na mimi, mtu angenitukania mwanangu aliye kaburini, ningempiga vilevile, tena zaidi. Lakini jamani, zilibaki mita tano tu kuufikia mnazi. Tano!