Ramani ya Mawazo Iliyoanzia Mtoni

Nilipopewa kazi ya kuwafundisha wahudumu wa afya ya jamii kule Mkuyuni, nilikuwa muuguzi kijana niliyeamini kwamba asiyeandika hajifunzi. Mimi nilisoma kwa sauti, wao wakanakili. Dalili za hatari kwa mjamzito peke yake zilijaza kurasa tatu.

Nyuma kabisa alikaa mama mmoja wa makamo kutoka kijiji cha juu mlimani. Kwa siku mbili daftari lake lilibaki jeupe. Siku ya tatu nikamwambia mbele ya wenzake, "Mama, hapa tumekuja kusoma, si kupumzika."

Aliinama tu, akawa anakunja pindo la khanga yake. Wakati wa chai jirani yake akaninong'oneza kwamba aliacha shule darasa la pili na hajui kuandika. Chai ilinishinda kunywa.

Jioni ile nikakumbuka kitu ambacho mkufunzi wetu alituonyesha chuoni, nami nikakidharau nikidhani ni mchezo wa watoto: ramani ya mawazo. Jambo kuu linakaa katikati ya karatasi, kisha yanachorwa matawi yanayotoka hapo, kila tawi na neno moja au picha.

Asubuhi nilianza na yeye, darasa zima likisikia.

"Shikamoo mama. Jana nilikukosea, naomba unisamehe."

"Marahaba mwanangu. Yameisha."

Nikagawa karatasi kubwa na kalamu za rangi, nikawaomba wachore yanayomchelewesha mjamzito kufika zahanati. Wengine wote waliweka katikati mwanamke mwenye tumbo kubwa. Yeye aliweka mto.

"Mbona mto, mama?"

"Kwetu mengine yote yanaanzia hapo. Masika ukifurika, hakuna kuvuka."

Akatueleza huku kidole kikitembea juu ya karatasi. Tawi moja lilikuwa mume aliyekwenda kukata miwa Turiani, simu yake haipatikani. Jingine mjomba, ambaye kwa mila za kwao lazima aulizwe kwanza. Jingine pikipiki inayoishia ng'ambo ya mto. Mwisho wa tawi la nne alikuwa amechora kitanda kitupu.

"Hiki cha mdogo wangu," alisema. "Damu ilianza kumtoka asubuhi. Maji yalipungua jioni. Tulipovuka, alikuwa hapumui tena."

Kutokwa damu kulikuwa kwenye ukurasa wa pili wa dalili zangu, mstari mmoja kati ya mistari mingi, na mimi nilikuwa nimemfokea mtu huyu kwa kutounakili.

Yeye alichukua kalamu ya kijani akachora nyumba upande wa pili wa mto. "Basi wenye mimba kubwa washuke kabla ya masika, wakae kwa ndugu huku chini. Na mjomba aambiwe mapema, si siku ya uchungu."

Masika yaliyofuata nilirudi kukagua kazi zao. Wanawake wawili kutoka kijiji chake walikuwa wanakaa kwa shangazi zao karibu na zahanati, na mmoja tayari ananyonyesha. Yeye alikuwa amezunguka na karatasi ile nyumba kwa nyumba mpaka pembe zikachanika, na wajomba walikuwa wamemsikiliza.

Nilitaka kumpongeza, lakini alinikatiza.

"Mwalimu, umekuja na karatasi nyingine? Nataka kuchora kuhara kwa watoto."