Walikuja Kututathmini Wakati wa Mbalamwezi

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, na ana nyumba mbili: yangu hapa Ujiji, na ya mke mwenzangu kule Mwamgongo, unakwenda kwa boti. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Siku za giza zikiingia, mume yuko kwangu: anarudi asubuhi ananuka samaki, anakula, analala kama gogo, jioni huyoo ziwani. Mbalamwezi ikitoka taa hazifui dafu, wavuvi wanapumzika, naye anavaa shati lake la kola anapanda boti kwenda kupumzikia kwa mwenzangu. Mimi napata mvuvi, yeye anapata mume. Wivu? Ninao, tena wa kugawa.

Serikali ikaleta mpango wa fedha kwa vikundi vya akina mama, kwa ajili ya miradi endelevu ya huku ziwani. Kikundi chetu kikajenga vichanja, zile meza ndefu za miti zilizotandikwa wavu, dagaa wakaukie juu wasigaragare mchangani. Na nani mwingine akapewa fedha za vichanja? Kikundi cha mwenzangu! Yeye mwenyekiti kule, mimi mwenyekiti huku. Dunia haiishi vituko.

Tukaambiwa watathmini watapita, na kikundi kimoja tu, kitakachoonekana mradi wake unaishi, kitaongezewa mtambo wa kukaushia kwa jua, wenye paa la nailoni. Masika ndiyo yanayotumaliza sisi. Mvua moja tu dagaa wameoza, mzigo mzima wanakula kuku na bata. Niliutaka mtambo ule jamani, nikawa nauota.

Wakaja. Na kwa jinsi walivyojipangia safari huko maofisini kwao, wakaja mbalamwezi imejaa pomoni. Hapa kwetu hata mtoto anayetambaa hakuulizi dagaa wiki hiyo. Vichanja vitupu, chini yake mbuzi amejilaza kivulini anacheua.

Mkubwa wao alikuwa binti wa kutoka Dodoma, mpole, ana viatu vyeupe.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mama, mbona vichanja havitumiki?”

Nikafungua kinywa nimweleze. Kabla sijatoa neno, akaongeza kwa tabasamu: “Kesho tunakwenda Mwamgongo. Tumesikia mwenyekiti wa kule ni mchapakazi kwelikweli.”

Weee! Damu ilinichemka. Mume yuko huko huko, amejinyoosha kwenye mkeka wake, na sasa hata sifa nazo zipande boti zimfuate?

“Basi nenda kamuulize huyo mchapakazi wenu,” nikamwambia. “Si ndiye anayejua kila kitu?” Nikageuka zangu. Wenzangu wakanivuta kanga, wakaninong'oneza, “Mama we, unatuponza!” Sikusikia la mtu. Yule binti akatazama vichanja, akamtazama mbuzi, akaingia kwenye gari.

Habari za Mwamgongo zilinifikia kabla watathmini hawajarudi. Dagaa kule pia hakuna, ila mwenzangu alikuwa ameanika muhogo na maembe kwenye vichanja vyake, vimejaa mwanzo hadi mwisho. Nilikosa usingizi. Mbona mimi sikuwaza muhogo? Muhogo ninao! Wanawake wa kikundi wakawa wananisalimia kwa mdomo tu, na walikuwa na haki.

Siku za giza zikaingia, mitumbwi ikatoka, dagaa wakamiminika. Siku moja tuko vichanjani tunageuza, mikono inang'aa magamba, nikasikia gari. Binti wa Dodoma huyo.

“Mama, ulinituma, nikaenda kuuliza,” akasema. “Mwenyekiti wa Mwamgongo alitucheka sana. Akasema, wanangu, mmekwenda na mbalamwezi, mngeona nini? Rudini Ujiji wakati wa giza mkaone vichanja vya dada yangu.”

Dada yangu! Nilitamani ardhi inimeze. Yule binti akazunguka vichanja vyote, akapiga picha, akaonja dagaa mmoja.

Mtambo ukaletwa kwetu. Wenzangu wakapiga vigelegele, nami nikapiga kimoja tu. Nimeshazoea kwamba mke mwenzangu ndiye mdogo, ndiye mzuri, ndiye wa mapumziko. Sasa kanitangulia hata kwenye wema, mimi nibaki na nini?

Mbalamwezi iliyofuata mume alikwenda, akarudi. Mchana nikamwandalia ugali, nikakaa pembeni kama sina neno.

“Hivi mwenzangu hakuutaka ule mtambo?”

“Aliutaka sana. Alishachimba mpaka mashimo ya nguzo.”

“Na hayo mashimo?”

“Kapanda migomba,” akasema, anamega tonge. “Imeshika vizuri kweli.”

Nikaondoa sahani kabla hajamaliza kula. Hata migomba ile naionea wivu.